Unataka Kutafiti Sauti? Funga Daftari Kwanza

Siku ya kutetea tasnifu yangu ya uzamili, mtahini aliyetoka nje ya chuo alifungua sura ya tatu, akavua miwani, akaniuliza swali moja: "Huyu mama unayemwandika hapa, sauti yake ikoje?" Nikamjibu kwamba mashairi yake yamejaa mafumbo ya mapenzi na vijembe kwa mke mwenza. "Sikukuuliza mashairi, mwanangu," akasema. "Nimekuuliza sauti." Nilikuwa nimewarekodi waimbaji wa taarab kwa saa thelathini na kitu, kisha nikakaa miezi minne nikinukuu kila neno walilotamka. Katika kurasa 140 hapakuwa na sentensi hata moja inayosema kama yule mama ana sauti nyembamba au nzito, kama inatoka kifuani au puani, kama inatulia au inatetemeka mwishoni mwa mshororo. Nilitafiti maneno, juu ya jalada nikaandika "sauti".

Nilipita, kwa masahihisho mengi. Leo nakaa upande wa pili wa meza, na kosa langu naletewa kila mwaka likiwa limechapwa na kujaladiwa vizuri. Wanafunzi wa sanaa za maonyesho, fasihi simulizi, muziki na mawasiliano ya umma wanataka kutafiti sauti, na hawajakosea, kwa sababu sauti imerudi mjini kwa kishindo: voisi za WhatsApp, podikasti, redio za mtandaoni, mashine zinazosoma taarifa kama binadamu. Ila wakishapata rekodi, jambo la kwanza wanalofanya ni kuigeuza maandishi, na sauti inafia hapo. Haya ninayoyaandika ndiyo ningependa kuambiwa kabla ya ile siku.

Sauti ipi?

Kiswahili chenyewe kina mtego. Sauti ni ile itokayo kooni mwa mtu. Ni mlio wowote, hata wa bawaba isiyotiwa mafuta. Tena ni kauli na madaraka, kama tunaposema fulani hana sauti katika nyumba ile. Kiarabu, kilikotoka neno hili, kimeongeza na lake: huko neno hilohilo ni kura pia, na Kuwait na Bahrain ni jina la aina ya muziki. Mwanafunzi anaandika "Sauti ya Mwanamke Katika Taarab". Sura mbili zinahusu koo, sura mbili zinahusu haki, na katikati hamna daraja.

Dawa yake ni ndogo. Chukua pendekezo lako la utafiti, futa neno sauti kila lilipo, na badala yake andika koo, au mlio, au kauli. Utakapokwama ndipo mahali ambapo ulikuwa hujui unasema nini. Wengi hukwama kwenye malengo mahususi. Nimemwona mmoja aliyekwama kwenye kichwa cha habari, akarudi nyumbani.

Sisemi uchague maana moja uzizike nyingine. Utafiti mtamu uko pale koo linapogeuka kauli. Tarehe 1 Agosti 1982, askari wa jeshi la anga la Kenya walioasi waliteka kituo cha redio cha Sauti ya Kenya, Nairobi. Tangazo la kupindua serikali walikuwa nalo. Hata hivyo walimfuata mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake, wakampeleka studio, wakamlazimisha alisome yeye. Kwa nini wajipe kazi hiyo asubuhi kama ile, risasi zikilia? Maneno yalikuwa yao na mitambo walikuwa wameshaishika. Walichokosa ni koo ambalo wasikilizaji wamelizoea, koo ambalo tangu 1966 liliwauliza katika kipindi chake, "Je, Huu ni Ungwana?" Ukisoma tangazo lile kwenye karatasi, hilo hulioni kabisa. Swali la namna hiyo, la koo gani linaaminiwa, kupitia mtambo gani, na kwa amri ya nani, linatosha kubeba tasnifu nzima.

Fuata moja mpaka mwisho

Ukishajua unatafuta sauti ipi, punguza. Usiniletee "sauti katika mitandao ya kijamii Afrika Mashariki". Niletee sauti moja na njia yake: ilitokea wapi, ikapita kwenye nini, ikafika kwa nani ikiwa katika hali gani. Chora njia hiyo kwenye karatasi kubwa, na kwenye kila kituo uliza nini kimepungua na nini kimeongezeka.

Mfano wa zamani husaidia kwa sababu umetulia. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alisafiri na wenzake hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Tunapenda kusema santuri zile "zimetuhifadhia sauti ya Siti". Zimehifadhi, ndiyo, lakini tazama njia. Upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulibeba kama dakika tatu. Wimbo wa taarab mbele ya watu haujui dakika tatu: kuna vibwagizo, kuna kurudia beti iliyomgusa mtu, kuna mwenye kunyanyuka kutuza na mwimbaji akamwongezea. Yote hayo yalibaki nje ya sahani. Mwimbaji aliyezoea kusubiri itikio la watu aliimba mbele ya chombo kisichoitikia. Kwa hiyo ukimwandika Siti kutokana na santuri, unaandika Siti pamoja na mtambo, na ni wajibu wako kumwambia msomaji wapi anaishia mmoja na wapi anaanzia mwingine, kadiri inavyowezekana.

Kuna na jambo la kifundi ambalo huwaumiza hata wazoefu. Santuri za wakati ule hazikuwa zote za mizunguko 78 kamili kwa dakika. Sahani iliyorekodiwa kwa mizunguko 76 ikipigwa kwa 80, wimbo mzima unapanda karibu nusu toni, na mwimbaji anakuwa na koo jembamba kuliko alilozaliwa nalo. Kabla hujaandika kwamba fulani "aliimba juu sana", ulizia rekodi uliyonayo iligeuzwa ya kidijitali kwa kasi gani. Ukipata ala ndani ya wimbo ambayo unajua ilivyotuniwa, pimia hapo.

Sikiliza mara kumi

Sasa kazi yenyewe. Chukua kipande kifupi. Sekunde 20 zinatosha. Weka kalamu mbali. Mara ya kwanza sikiliza kama unavyosikiliza redio jikoni. Halafu rudia, na kila unaporudia tega sikio kwa kitu kimoja tu: pumzi, namna sauti inavyoanza, namna inavyoisha, kama inapita puani, inapopanda na inaposhuka, kasi, kimya, chumba, watu wa nyuma. Ukifika mara ya saba au ya nane utachoka nayo, na ni hapo vitu vinapoanza kujitokeza vyenyewe.

Nitakuonyesha kwa voisi ya mdogo wangu, sekunde 19, iliyonifikia siku moja mchana nikiwa kazini. (Ameniruhusu kuitumia, baada ya kunicheka.) Kwa maandishi ni hii: "Kaka, shikamoo. Nimekupigia hukupokea, si kitu. Ile ada ya mtoto, wamesema mwisho Ijumaa." Mtafiti wa maneno atasema ni ombi la fedha lililofichwa adabu, atahamia voisi nyingine.

Kwa sikio mambo ni mengine. Kabla ya "kaka" kuna pumzi iliyovutwa ndefu, kama ya mtu anayejiandaa kunyanyua ndoo. "Shikamoo" imeshushwa chini kuliko maneno mengine yote, na ile "moo" imevutwa. "Si kitu" imesemwa haraka, nusu imemezwa, kwa hiyo ni kitu. Nyuma kuna jogoo na mtu anasugua sufuria kwa mchanga. "Ijumaa" haina mkia: kidole kimeachia kabla vokali haijaisha, maana kwenye voisi sentensi huishia pale kidole kinapoinuka.

Nikarudia tena, na mara ya nane nikasikia kile ambacho sikukitegemea. Baada ya "shikamoo" kuna kimya. Nikalifungua faili kwenye Praat, programu ya bure ya kuchambua sauti iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Amsterdam (jina lake kwa Kidachi ni "zungumza"), nikapima: sehemu saba za kumi za sekunde. Vituo vingine vyote vya voisi ile havikufika hata nusu ya hapo. Mdogo wangu alikuwa amesubiri nimwitikie marahaba, ilhali anajua vizuri kabisa kwamba anaongea na simu na mimi sipo.

Tazama maswali yaliyomo ndani ya kimya kile. Je, kila mwenye kuamkia kwenye voisi huacha nafasi ya marahaba? Mkubwa anapomtumia mdogo huacha nini? Katika kundi lenye watu 200, nafasi hiyo husubiri marahaba ya nani? Tangu 2021 WhatsApp inamruhusu msikilizaji kuongeza kasi mpaka mara mbili. Ukisikiliza hivyo, nafasi ya marahaba inabaki nusu, na mwamkiaji hajui kama adabu yake imekatwa kiuno. Hiyo ni shahada ya uzamivu, na hakuna hata swali moja kati ya hayo ambalo lingepatikana kwenye unukuzi.

Baada ya masikio yako, tafuta maneno ya watu. Wanafunzi hukimbilia istilahi za vitabuni wakati mitaani kuna msamiati mzima: sauti nyembamba, nene, nzito, nyororo, kavu, tamu, ya mkwaruzo, ya puani, iliyompwelea mtu. Kusanya maneno hayo kwa waimbaji na wasikilizaji wao, kisha yahakiki. Mtu akikwambia fulani ana sauti nzito, anasema kidatu kiko chini, au ina nguvu, au inaogopesha? Mpigie rekodi tatu, mwulize ipi nzito zaidi, kisha zipime. Usishangae "nzito" ya wasikilizaji na "chini" ya mashine zikipishana. Pale zinapopishana andika kurasa nyingi.

Hapa ndipo kila tasnifu inapomtaja Mfaransa Roland Barthes na makala yake ya 1972 kuhusu punje ya sauti, yaani ule mwili unaosikika ndani ya wimbo: ulimi, meno, kuta za koo. Mtaje, ni haki yake. Lakini soma alichofanya. Aliwalinganisha waimbaji wawili, Charles Panzéra na Dietrich Fischer-Dieskau, akampenda wa kwanza, na kwa wa pili akasikia mapafu tu. Hakuhoji mtu, hakupima kitu. Ametupa swali zuri; mbinu hakutupa, na anayemnukuu ili akwepe kusikiliza amemwonea. Sisi tulikuwa na Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, mwenye koo la mkwaruzo ambalo mwalimu wa kwaya angemwambia akalipumzishe, na watu walijaa kumsikiliza mpaka uzeeni. Ukitaka kuielewa punje ya sauti, kaa na waliompenda yeye, waulize walikuwa wanasikia nini.

Kinasa sauti na feni

Kuhusu vifaa nitakuwa mfupi. Rekodi kwa WAV, kilohezi 48, biti 24. Maikrofoni iwe shibiri moja na nusu kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipulize. Vilele vya sauti vicheze karibu na desibeli −12. Mwimbaji wa taarab akiamua kupandisha atakuvusha bila kukuaga. Zima feni. Zima friji, na weka ufunguo wa gari lako juu ya friji hiyo usije ukaondoka umeiacha imezimwa, nyama za watu zikaharibika. Kabla hujaondoka rekodi nusu dakika ya chumba kitupu, watu wakiwa kimya. Kila chumba kina sauti yake: Mmarekani Alvin Lucier mwaka 1969 alijirekodi akizungumza chumbani, akaicheza rekodi ndani ya chumba na kuirekodi tena, na tena, mpaka maneno yakayeyuka, ikabaki milio ya chumba chenyewe. Jaribu zoezi hilo na simu mbili sebuleni kwako. Litakufundisha kuhusu mwangwi kuliko mhadhara wangu wowote.

Lakini angalia: kama unachotafiti ni voisi, basi faili la voisi ndilo asili yako. Usilisafishe, usilibadilishe kuwa MP3 kwa sababu ni rahisi kufungua. WhatsApp huibana sauti kwa mfumo uitwao Opus, na kubanwa huko ni sehemu ya habari. Tunza faili kama lilivyofika, pamoja na tarehe na saa, na ufanye kazi kwenye nakala. Na usichanganye: voisi zilizobanwa na rekodi zako za WAV haziwekwi kwenye jedwali moja la vipimo kana kwamba ni mamoja.

Simu inakula nini

Simu ya kawaida, ile ya mezani na ya 2G ambayo bado inatumika vijijini, hupitisha mitetemo kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Nyuzi za sauti za mwanamume kwa kawaida hutetemeka mara 100 hadi 130 kwa sekunde, za mwanamke karibu na 200. Maana yake mtetemo wa msingi wa koo la mama yako haujawahi kupita kwenye simu hiyo. Sikio lako huujenga upya kutokana na mitetemo iliyo juu yake, nawe unasema, "Nimemsikia mama." Kwa upande wa juu, vikwamizi kama "s" na "f" nguvu yake kubwa iko nje ya dirisha hilo, ndiyo maana ukitaja jina kwa simu unalazimika kusema "F ya Fatuma, S ya Saidi". Mbinu hiyo ya watu wa kawaida, ya kuziba tundu lililoachwa na mtambo, ni data. Iandike.

Kwa mchambuzi wa mawimbi kuna onyo hapa. Simu huvuruga vilele vya chini vya vokali, hasa "i" na "u", vikaonekana viko juu kuliko vilivyo. Mwanafunzi mmoja alinijia na matokeo ya kusisimua kwamba watangazaji wa kike hubadilisha vokali zao wanapozungumza na wapiga simu. Alikuwa amepima upande wa wapiga simu. Tulikunywa chai, akaanza upya.

Wapo wanaotupa rekodi zenye kelele. Usitupe kabla hujamsoma Frantz Fanon, katika kitabu chake cha 1959 kuhusu mapinduzi ya Algeria. Anaeleza jinsi wakoloni wa Kifaransa walivyokuwa wakiiziba kwa kelele redio ya wapigania uhuru. Mmoja alibandika sikio kwenye redio, akizungusha kitufe kuitafuta stesheni inayohamahama, wengine wamekaa chumbani wanamsubiri awaambie. Mara nyingine alikuwa amesikia maneno machache tu, na walio chumbani wakayajazia mengine kutokana na wanavyojua vita vinavyokwenda. Taarifa iliyotoka chumbani humo haikuwahi kutamkwa yote na mtangazaji yeyote. Sasa nenda kwenye kijiwe chenye simu moja yenye bando na watu saba. Mmoja anasikiliza sikioni, kisha anasimulia. Ukiomba faili la voisi peke yake umechukua nusu. Rekodi na kijiwe.

Mrudishie mwenyewe asikie

Mahojiano ya "unaionaje sauti yako?" hayazai kitu; watu hujibu "nashukuru Mungu". Mbinu inayozaa ni kumpigia mtu rekodi yake na kuisimamisha mahali. "Hapa umefanya nini?" Mara ya kwanza atakataa: "Hii si yangu." Si unyenyekevu. Sisi husikia sauti zetu kwa njia mbili, hewani na kupitia mifupa ya kichwa, na mifupa hunenepesha. Rekodi ina hewa tu, kwa hiyo kila mtu hujiona kawa mwembamba. Mwache asikilize mara mbili, mkanywe maji, ndipo uulize. Kisha uwapigie wasikilizaji wake rekodi ileile bila yeye kuwepo. Mwimbaji atakuonyesha alipokosa pumzi. Shabiki atakwambia hapo hapo ndipo alipolia.

Linalofuata halina mzaha. Kuficha jina la mtu si kumficha mtu ikiwa unacheza koo lake mbele ya hadhira. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 imetaja utambuzi wa sauti pamoja na alama za vidole na vinasaba. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Vibali vya utafiti, vya COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, ni lazima, lakini kibali cha serikali hakimwakilishi mwenye koo. Ukibadilisha kidatu ili kumficha mtu, umeharibu kile ulichokwenda kutafiti. Njia inayofaa ni kuomba ruhusa kwa ngazi, kwa mdomo, na kuirekodi: "Mama, naomba niisikilize mimi na mwalimu wangu. Je, naweza kuwasikilizisha wanafunzi darasani? Na kwenye mkutano, mbele ya wageni? Na kuiweka mtandaoni?" Wengi hukubali mbili za kwanza, huishia hapo. Heshimu. Siku hizi programu za kompyuta zinaweza kuiga koo la mtu kutokana na kipande kifupi, na mwanamke aliyeimba kwenye kundi la ndugu zake hakukupa koo lake limtangazie mtu dawa za nguvu za kiume.

Halafu voisi za kwenye makundi: kuwa mwanachama si ruhusa. Hata msimamizi wa kundi hawezi kukupa sauti ya mwenzake. Omba kwa aliyezungumza, mmoja mmoja. Ni kazi ya kuchosha na itakupunguzia data, nami sijapata njia ya mkato.

Ukifika kuandika

Usinukuu zote. Katika saa thelathini chagua dakika ishirini, uzinukuu kwa undani: urefu wa vimya kwa sekunde, pumzi, mivuto, vicheko, jogoo. Programu ya ELAN, iliyotoka taasisi ya Max Planck kule Nijmegen, nayo ni bure. Hukuwezesha kuweka ngazi kadhaa juu ya wimbi moja: maneno ngazi ya kwanza, pumzi ya pili, mlio wa nyuma ya tatu, maelezo ya mwimbaji mwenyewe ya nne. Saa zilizobaki zifanyie faharasa tu: dakika gani kuna nini.

Unapoeleza sauti kwa msomaji asiyeisikia, anza na kitendo cha mwili, kisha neno la watu, kisha kipimo, kwa mpangilio huo. "Anaivuta vokali ya mwisho puani mpaka pumzi inakwisha, mashabiki wake husema hapo 'anachuja', inachukua sekunde nne na nusu." Msomaji ataweza kujaribu mwenyewe, na ukimwona mtahini anafungua mdomo kimyakimya akiisoma tasnifu yako, ujue umefaulu. Epuka "sauti ya kipekee", "sauti ya dhahabu" na "sauti yenye mvuto". Hayo waachie washereheshaji.

Nakala za rekodi zisikae mahali pamoja: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje iliyo nyumba nyingine, moja chuoni. Jina la faili libebe tarehe, mahali na namba, lisibebe jina la mtu. Na uwarudishie wenyewe nakala, kwa namna wanayoweza kuifungua. Flashi haimfai mama mwenye simu ya kitochi, mwekee kwenye memori kadi.

Mdogo wangu nilimtumia picha ya mchoro wa Praat, nikamzungushia kwa wino mwekundu kile kimya cha baada ya shikamoo. Akanijibu kwa voisi. "Kaka, shikamoo." Kisha kimya, kirefu makusudi. Nikajikuta nimeitika, "Marahaba," kwa sauti kabisa, peke yangu ofisini, na ndipo kicheko chake kikaingia, kidole kikaachia.